Kingo za Karatasi

Ndani ya printa kuna roli mbili zinazobanana, na moja ni ya moto. Karatasi ikipita kati yake, unga mweusi wa wino unayeyuka na kushika. Kabla ya hapo maandishi ni vumbi tu, unaweza kuyapuliza. Chuoni nilitumia mwaka mzima kusoma habari za moto huo, nikarudi Kigoma na shahada, na kazi pekee niliyopata ilikuwa kutunza printa katika ofisi ya muda pembeni ya uwanja wa mpira, miezi ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiletwa kwa meli kutoka Kagunga, mpakani.

Nilipanga chumba Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani. Wazazi walikuwa wamehamia kwa kaka yangu Tabora, na nyumba yetu ya Ujiji ilikuwa na wapangaji nisiowajua. Wenzangu wa chuo walijibu ujumbe wangu kwa alama ya dole gumba, baadaye hawakujibu kabisa. Ofisini walinikwepa saa ya chai. Hawakuwa watu wabaya, ila mimi nilikuwa nauliza mno. Kwa nini fomu moja ina saini tatu? Nani anazisoma? Kwa nini mtu aliyekimbia na watoto anaulizwa namba ya nyumba yake?

"Dada fundi," mkuu wa ofisi aliniambia siku moja, "wewe hata ukikaribishwa maji utauliza yamechotwa na nani."

Wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikachukua kikombe changu nikaenda kunywea chumba cha printa.

Wazo la kukata karatasi lilikuwa langu. Kila aliyeshuka melini alipewa kipande chenye namba, cha kuchukulia uji na blanketi. Karatasi zilikuwa zinatuishia, na kipande kama kile hakikuhitaji karatasi nzima. Nikazikata katikati kwa urefu. Printa ilitaka iambiwe ukubwa wa karatasi, na nilipoiambia ukweli ilichapa polepole mno, ikisimama kila baada ya vipande vichache. Basi nikaidanganya. Nikaiambia ni karatasi nzima. Ikaanza kutema vipande bila kupumua, na mkuu wa ofisi akanisifu mbele ya watu wote. Siku ile nilinywa chai pamoja nao. Sikujiuliza kwa nini walioitengeneza mashine walitaka isimame.

Baada ya wiki kadhaa karatasi nzima zikaanza kutoka na kingo chafu. Nikalaumu wino wa bei rahisi. Nikabadilisha wino, uchafu ukabaki.

Jumapili nilikuwa na desturi ya kushuka Kibirizi kula migebuka kwa mama mmoja aliyekuwa na jiko refu la mkaa, refu kama benchi. Jumapili moja nilikuwa mteja wake wa kwanza. Alipoweka samaki wangu katikati, akachukua kijiti na kuvuta makaa yote ya pembeni yaje chini yake.

"Mama, kwa nini unayavuta?"

"Haya, ameanza." Aliendelea kuvuta. "Samaki yuko katikati. Makaa ya huku mwisho yanamchoma nani? Yanapasha wavu bure. Akija mtu anataka mgebuka mkubwa, nikimlaza hapa, kichwa na mkia vinaungua tumbo bado bichi."

"Na huyo mkubwa akija?"

"Nayatawanya tena. Kula, mwanangu. Kila Jumapili unakula peke yako, basi angalau kula cha moto."

Nilikula. Nilikumbuka zaidi lile neno la peke yangu kuliko habari za makaa.

Jumanne iliyofuata aliingia mwanamke mmoja wa Burundi na mabinti wawili wa dada yake, wamefuatana kwa urefu kama ngazi. Alihitaji orodha ya familia, ile ya karatasi nzima: majina kushoto, na ukingoni kulia uhusiano wa kila mtu na mkuu wa familia. Basi la kwenda kambini lilikuwa limeshawasha injini nje. Mlangoni pa basi palikuwa na mkaguzi aliyesoma safu ile ya kulia tu. Mtoto asiye na uhusiano alishushwa na kupelekwa katika kundi la watoto wasio na watu wao.

Karatasi ikatoka. Majina yalikuwa safi. Ukingo wa kulia ulikuwa moshi mtupu.

Mwanamke akauonyesha ukingo ule kwa kidevu. "Hapa pameandikwa nini?"

"Kwamba hawa ni watoto wa dada yako."

"Mimi naona giza." Hakusema kwa hasira. "Na yule wa basi ataona nini?"

Nikachapa nyingine. Vilevile. Nikafungua kifuniko cha nyuma, na joto la pembeni likanipiga mkononi kabla sijagusa kitu. Katikati palikuwa afadhali. Ndipo nikaliona lile jiko. Kipima joto cha mashine kilikuwa katikati ya roli. Asubuhi nzima vipande vyangu vyembamba vilikuwa vikipita katikati na kuondoka na joto. Kipima joto kikasema kuna baridi, na hita ikawaka urefu wote. Mwisho huku na huku, pasipopita karatasi, moto ulirundikana. Karatasi nzima ilipokuja, wino wa kingoni uliyeyuka kupita kiasi ukaganda kwenye roli.

Nikachukua karatasi nzima zisizo na kitu nikaanza kuzipitisha, ili zichukue lile joto la pembeni na uchafu wake.

"Dada fundi! Hizo ni tupu!" Mkuu wa ofisi alisimama mlangoni. "Unachapa hewa?"

"Nasafisha, mzee."

"Kwa karatasi ngapi?"

"Sijui."

Honi ikalia nje. Binti mdogo akaanza kuvuta kitenge cha mama yake mdogo. Karatasi ya kwanza ilitoka na kingo nyeusi, ndani ya weusi ule mna vipande vya namba na maneno ya orodha zilizotangulia: *mke*, *mjuk*, *baba wa*. Ya pili ikafifia. Ya tano ilikuwa kijivu. Ya kumi ilikuwa nyeupe. Nikachapa orodha, na kulia, mara mbili, yakasomeka: *mtoto wa dada*.

Mwanamke alipitisha kidole juu ya maneno yale, akaangalia kama kidole kimechafuka. "Urakoze," akashukuru kwa Kirundi, wakatoka mbio. Nilisimama dirishani. Mkaguzi aliangalia karatasi, akahesabu vichwa, akasogea pembeni. Wote watatu wakapanda.

Jioni niliiambia printa ukweli kuhusu ukubwa wa vipande, na kesho yake foleni ikafika barabarani. Nikasema kosa ni langu. Mkuu wa ofisi akasema nina wazimu wa kujitafutia kesi. Chai nikarudi kunywea chumba cha printa.

Jumapili zilizofuata nilichora hita yenye sehemu mbili, fupi ya katikati na ndefu ya roli nzima, kila moja na kipima joto chake, ili mashine yenyewe ivute makaa na kuyatawanya. Nilijua wako mbali huko waliokwisha kuitengeneza, kwa printa ambazo ofisi kama yetu hainunui. Niliichora hivyo hivyo. Sikuwa na wa kumwonyesha.

Ile karatasi tupu ya kwanza, iliyotoka na kingo nyeusi, bado ninayo. Huwa naigeuza kwenye mwanga nikijaribu kusoma. *Mjuk* ni mjukuu, bila shaka. Mjukuu wa nani, na kwenye basi la kabla ya lile, nani alimsomea mkaguzi neno lililobaki huku kwenye roli?