Karatasi ya Sawa

Mwaura alishuka Malindi mwaka 1987 amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa shuka, na hakukubali mtu amsaidie kuibeba. Zahanati yetu pale Shella ilikuwa imepewa mashine hiyo na wafadhili. Yeye, mtu wa bara, aliajiriwa aandike programu ya dozi: mimi Tumu wa mapokezi nichape umri na uzito wa mtoto, mashine iseme sindano ya malaria iwe kiasi gani.

Nilimtania sana. Shati lake halikujua pasi, na Kiswahili chake, Mungu anisamehe, kilinivunja mbavu. Lakini kazini hakuwa na mchezo. Alisema programu haipimwi kwa kweli peke yake. Ilishwe uongo pia, tuone kama itaukataa. Mtoto wa miezi kumi mwenye kilo kumi na tisa, kwa mfano. Na kwa kuwa uongo ni mwingi, hakutaka kuandika jaribio jipya kila mara. Aliandika kijiprogramu kimoja cha kutumika kwa wote: kinapeleka uongo, kinasubiri, programu ikikataa kinachapa SAWA.

Siku ya majaribio zilitoka SAWA thelathini na sita kwenye karatasi, kila uongo na mstari wake. Mwaura alicheka kama aliyeposa akakubaliwa. Tukaibandika ukutani, juu ya meza yangu.

Miezi minne baadaye, asubuhi ya foleni ndefu, Kadii wa Kakuyuni alimleta mwanawe Thoya, miezi kumi, kilo tisa. Nilichapa kumi na tisa. Kidole changu hiki. Mashine haikukataa, ilitoa dozi.

"Dada Tumu, hii si nyingi?" nesi Easter aliuliza.

Nilimwonyesha ukutani. Akadunga.

Thoya alikufa kabla ya adhuhuri.

Mwaura alijifungia na mashine siku mbili. Alipotoka, uso ulikuwa wa mgonjwa. Siku ile ya majaribio alisahau kutia diski yenye orodha ya uzito. Programu ilikataa kila kitu kwa sababu haikuiona diski, na kijiprogramu chake hakikuuliza imekataa kwa nini. Kukataa tu kulikitosha. Kazini diski ilikuwamo, lakini sehemu ya kukagua uzito ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

"Hata ningekipa mtoto wa kweli, Tumu, kingeniambia sawa."

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nimechoka kujiuliza nani kati yetu alimuua yule mtoto.

Kadii alirudi baada ya matanga. Easter alikuwa amemweleza yote. Hakujua kusoma, lakini alisimama mbele ya ile karatasi, ambayo hakuna aliyethubutu kuibandua.

"Mwanangu yuko mstari gani?"

Mwaura alitafuta kwa kidole. "Wa kumi na moja, mama."

"Pameandikwa nini?"

Mwaura aliufuata mstari hadi mwisho wake.

"Sawa," akasema.