Tangi Lililobonyea

Wiki jana nilikuwa katika duka la vipuri mjini Kitale, nikimuuliza mwenye duka, mzee Singasinga, habari za pikipiki za zamani za mashindano ya matopeni. Akaingia mama kutoka Bumula, amebeba tangi jekundu la pikipiki lililobonyea.

"Ninyooshee hii, mzee. Ilikuwa ya bwana yangu."

Mzee akalipapasa polepole.

"Hapa ni goti yangu iligonga, mama. Mimi na bwana yako tulianguka pamoja kwa mashindano Endebess, tukakosana. Yeye yuko wapi?"

"Kumbe ni wewe! Tulimzika Jumamosi. Alikuwa anasema ati anangoja wewe uende kwake kwanza mpatane."

"Na mimi nilikuwa nangoja yeye."

Watu husimulia kwamba waendeshaji wale hawakuogopa mlima wala tope. Safari ya Kitale hadi Bumula iliwashinda wote wawili.