Kiti cha Dirishani

Yule mama wa kukata tiketi za ndege, pale Malindi, hakuwa na mikono ya kutulia. Msafiri wa Maskati akishataja jina, yeye huliandika kwenye kijikaratasi cha manjano chenye gundi, akakibandika ukingoni mwa meza mpaka safari ithibitishwe. Halafu hukibandua, akakikunja kiwe ndege: gundi huibana puani ili pawe pazito, na kucha hupita mkunjoni mara mbili. Huirusha upande wa kaskazini huku akiendelea kuzungumza, na ikifika alasiri sakafu nzima ni manjano.

Siku nliyokwenda kumkatia baba tiketi, mkono wake ulikosea. Ndege ilitua mapajani mwangu, nikaikunjua. Karatasi ilikuwa imelegea kwa kukunjwa miaka, gundi imekauka. Jina lilikuwa lake mwenyewe, na chini yake: kiti cha dirishani.

“Bi, na hii ishathibitishwa?”

“Bado, mwanangu. Nipe.”

Akajaribu kuibandika pale ukingoni, penye majina ya wenziwe. Haikushika. Akaiwekea kikombe cha chai juu yake, akaniuliza baba anaondoka lini.