Kipimo cha Pili cha Baruti

Baruti nyeusi ikiungua hunuka mayai viza. Nikiikumbuka Toronto ya mwaka wangu wa kwanza, harufu hiyo ndiyo inayonijia kabla ya theluji na kabla ya shule. Mimi na mama tulifika mwezi wa tano, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimeiacha shule ya msingi Tabora nikiwa darasa la tano. Baba aliyetupokea uwanja wa ndege nilikuwa nimemzoea kwenye simu tu, na koti lake lilinuka hivyo. Lifti ya jengo letu la Crescent Town ilinuka hivyo kila Jumamosi jioni aliporudi, na mama alifungua madirisha yote huku akisema, "Baba Zawadi, majirani watadhani kuna kitu kimetuozea humu." Baba alicheka, akaenda kusugua vidole vyake, na weusi haukutoka.

Baba alipenda gobore. Kwetu gobore ni bunduki ya wawindaji, inayoshindiliwa kupitia mdomoni: unatia baruti, unafuatisha risasi ya mviringo iliyoviringishiwa kitambaa, kisha unasukuma vyote hadi chini kwa mdeki, ule ufito mrefu. Alikua akimtazama mjomba wake akifanya hivyo. Huku ugenini akawakuta wazee wa Kizungu wanaofanya jambo lilelile kwa kujifurahisha, akapata kibali, akanunua lake. Lakini lake lilikuwa la aina ambayo hata wenzake wa klabu waliicheka. Nyundo yake haikuwa ubavuni kama ya magobore mengine. Ilikuwa tumboni, mbele ya kifyatulio, ikipiga kutoka chini kwenda juu, na fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachowasha baruti, nayo ilivikwa hukohuko chini. Wenye magobore ya namna hiyo walikuwa wanne tu pale klabuni. Wengine waliwauliza kama bunduki zao zilizaliwa zikitanguliza miguu. Wao wakajibu kwamba wakilenga hakuna kinachowaziba macho, cheche haziwarukii usoni, na mtambo mzima una vipande vichache kuliko kitasa cha mlango. Baba aliweza kunieleza hayo saa nzima, tangu nyumbani mpaka uwanja wa shabaha, kaskazini mwa jiji.

Nilikwenda naye kwa sababu mama alikuwa kazini Jumamosi. Niliogopa kila kitu pale. Nilivaa vizuia sauti masikioni na bado kila mlio uliniingia tumboni. Zaidi ya yote niliogopa mtutu mmoja wa kale uliotundikwa ukutani, uliopasuka na kuchanika kama ganda la ndizi. Baba alisema mwenye bunduki hiyo alitia baruti mara mbili. Sikuuliza alipatwa na nini. Nilikuwa mtoto asiyeuliza. Kiingereza sikuwa nacho, na hata kwa Kiswahili sikuthubutu kusema watu wazima walipokuwapo.

Kanuni moja ya uwanja ule ilikuwa kwamba anayeshindilia hasemeshwi. Wazungu waliifuata bila shida. Mtu aliweza kufika, akasimama pembeni kama mti, hata salamu hakutoa. Lakini siku moja mwezi wa saba alikuja Mzee Hasanali kutoka Vaughan, mji jirani, aliyezaliwa Tabora na kuuza duka huko miaka mingi, naye ni mmoja wa wale wanne. Alimkuta baba gobore limesimama wima mbele yake na kipimo cha kwanza cha baruti kimeshaingia. Baba angewezaje kumnyamazia mzee wa umri ule? Akaweka kipimo mezani, akampa mikono yote miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Baba Zawadi. Umeamkaje? Mama watoto hajambo? Tabora wanasemaje, mvua zilikuwaje?"

Wakaulizana ndugu wa Tabora, wakahamia wa Nzega, wakafika kwa marehemu, wakapeana pole. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwao. Walipomaliza, baba akashika chupa ya baruti, akajaza kipimo, akamimina. Cha pili. Nilikiona. Kinywa changu kilifunguka lakini sauti haikuja. Akashindilia risasi, akasogea kwenye mstari, akavisha fataki, na mimi nikafumba macho.

Mlio ule haukufanana na mingine. Nilipofungua macho baba alikuwa amerudi nyuma hatua nzima, moshi umemfunika, anajishika bega huku akicheka. "Leo limenguruma!"

"Limeona wivu," alisema Mzee Hasanali. "Tumesalimiana sote, lenyewe tumeliruka."

Wiki hiyo bega la baba lilikuwa la zambarau. Mama alimchua kwa dawa, naye akajisifu kama mtoto. Nilijua kilichotokea na yeye hakujua. Jumatatu nilianza kumwambia, nikaishia kuomba chumvi. Jumatano nilimfuata hadi mlangoni akienda kazini, akaniuliza, "Vipi mama?" nikasema hakuna kitu. Akilini nilimwona hana uso, gobore limempasukia. Nilimwona hivyo nikiwa namtazama anakula.

Jumamosi iliyofuata niliomba nisiende, kisha nikaomba niende. Kila kitu kikaenda vilevile. Baba alimimina baruti, Mzee Hasanali akatokea na kofia yake nyeupe, kipimo kikawekwa mezani, salamu zikaanza. Wakacheka, wakakumbushana duka la mtu fulani. Halafu mkono wa baba ukarudi kwenye chupa. Nilisimama.  Sauti niliitafuta, haikuwapo, basi nikaenda nikaufunika mdomo wa gobore kwa kiganja.

Ndicho kitu kilichokatazwa kuliko vyote pale. Watu walipiga kelele kwa Kiingereza. Baba alinishika mkono akaung'oa kwa nguvu, nikaona amekasirika na ameogopa.

"Una wazimu? Unataka nini wewe?"

"Umeshatia," nilisema.

"Nini?"

"Umeshatia. Na Jumamosi iliyopita ulitia mara mbili."

 Mzee Hasanali alichukua mdeki, akauteremsha polepole mtutuni. Kwenye mdeki baba alikuwa amechonga alama mbili: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu uliojaa. Alama ya mtutu mtupu ilibaki nje, upana wa kidole. Chini mlikuwa na baruti. Baba aliitazama ile alama, akashika bega lake, akakaa chini kwenye nyasi. "Mama," alisema, na hakuendelea. Mzee akakaa kando yake. "Kosa ni langu," akasema, "nilikuja na maneno."

Sasa nina miaka ishirini na moja, nina kibali changu, na gobore langu ni la nyundo ya chini pia. Wenye ujuzi wameniambia mara nyingi kwamba mtutu mzuri kama wa baba ungehimili hata vipimo viwili, kwamba ule wa ukutani ulikuwa na ufa wa zamani. Huenda ni kweli. Wakati ule kusema kuliniogopesha sawasawa na kifo. Siku hizi nasema, ingawa bado kwa shida. Mwezi uliopita jamaa mmoja mwenye ndevu alipokea simu katikati ya kushindilia, kisha akashika chupa. Nilimwambia asubiri. Akaniuliza mimi ni nani. Nilirudia, sauti ikitetemeka, mpaka akateremsha mdeki kwa hasira mbele ya watu wote. Mtutu ulikuwa mtupu kabisa. Walicheka, naye akacheka, nami nikacheka pia, nimeficha mikono mifukoni kwa sababu ilikuwa ya baridi.