Mlango wa Kobe Namba Kumi na Nne

Barua ya jiji ilikuwa na mistari sita tu. Wakili aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena, kana kwamba maneno yangebadilika yakibadilishiwa mkao. Hayakubadilika. Teksi zote za zamani zifikishwe yadi ya jiji kabla ya saa nne asubuhi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, zikiendeshwa na wenyewe. Atakayeleta gari lake atapewa jipya na leseni kwa namba ileile. Asiyeleta, leseni yake imekufa siku hiyohiyo.

"Imekufa," alimwambia dada yake, akiipigapiga ile karatasi kwa kucha. "Ndivyo walivyoandika, dada. Utadhani ni panya."

Dada yake hakuinua macho kwenye cherehani. Alimwuliza tu kama barua ilisema lolote juu ya milango ya hayo magari mapya.

Wakili hakuwa wakili. Jina hilo alipewa na wenzake kituoni kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa ubishi, awe abiria, askari wa barabarani au mvua. Alikuwa dereva wa teksi mwenye mvi na magoti mabovu, na kwa miaka thelathini na moja namba kumi na nne ilikuwa yake. Teksi zenyewe watu walizizoea kwa jina la kobe, maana zilikuwa na paa la mviringo, rangi ya kijani juu na ya maziwa chini, na mwendo wa kiumbe asiye na miadi. Picha ya kobe ilichapwa kwenye kalenda na kwenye vikombe, na moja kubwa ilitundikwa ukutani uwanja wa ndege, mgeni aione kabla hajaona kitu kingine.

Lakini kilichowapatia madereva sifa hasa kilikuwa mlango. Dereva wa kobe hakumwacha abiria ajifungulie. Alishuka, akazunguka gari, akashika kishikio, akainama kidogo, na mlango wa nyuma ukafunguka. Abiria akifika aendako, dereva alishuka tena na kuinama tena. Gazeti moja liliwahi kuandika kwamba hawa ndio waungwana wa mwisho duniani. Wakili aliikata habari hiyo akaibandika juu ya usukani, na jua likaipausha mpaka ikawa rangi ya chai.

Ukweli wake aliujua kila dereva, na hakuna aliyewahi kumwambia abiria. Kitasa cha mlango wa nyuma cha gari lile kilikuwa na springi moja dhaifu. Ikikatika, mlango haukufunguka tena kwa ndani. Kiwanda kilichoitengeneza kilifungwa zamani, na springi zikaisha madukani. Kwa nje mlango ulifunguka kwa ujanja tu: uinue kishikio, uusukume mlango ndani kwa goti, halafu uuvute upesi. Kule kuinama kwa adabu kulikuwa kazi ya goti. Madereva walikuwa wameufunika ubovu kwa uungwana, na miaka ilivyopita wakaanza kuuamini wenyewe.

Dada yake hakuuamini hata siku moja. Alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na ni yeye aliyeshona vitambaa vya viti vya kobe namba kumi na nne, mara nne, kila vilipochakaa. Tangu nyonga yake iharibike, Wakili alimpeleka kliniki kila Jumanne, akimwinua na kumpakia kiti cha nyuma kama mtu anayebeba yai.

"Mdogo wangu," alikuwa akimwambia, "siku utakapokufia usukanini, mimi watanizika na wewe humuhumu."

"Mlango wa kobe hufunguliwa na dereva, dada. Ndiyo heshima yenyewe."

"Heshima ya kufungiwa ndani. Hiyo umeileta wewe mjini."

Madereva walikutana kituoni, na Wakili akawaapisha kwamba hakuna atakayepeleka gari lake yadi. Wote wakikataa, jiji litamnyang'anya nani leseni? Dereva waliyemwita Miwani, rafiki wa Wakili tangu ujana, ndiye aliyesimama na kupendekeza wawe na msemaji, na hakuna aliyeuliza ni nani; wote walimtazama Wakili. Jiji lilikuwa limeitisha mkutano mmoja wa kuwasikiliza, Jumanne saa saba mchana, kwenye ukumbi wake.

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki. Huko kliniki walicheleweshwa, na saa saba kasoro dakika mbili Wakili alikuwa bado barabarani na dada yake nyuma. Hakuwa na muda wa kumrudisha nyumbani. Akaegesha kando ya ukumbi, kwenye kivuli cha ukuta, akageuka na kumwambia ni dakika tano tu, aseme neno lake atoke. Dada yake akamwuliza tangu lini yeye akasema neno kwa dakika tano. Wakili akacheka, akafunga milango ya mbele kwa ufunguo kama kawaida yake, kwa kuwa wezi wa redio hawakosi mjini, akaingia ukumbini huku akipanga hotuba kichwani.

Afisa wa usafiri ndiye aliyeanza, na alianza kwa utulivu uliomchoma Wakili kuliko tusi. Alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa. Alionyesha picha za gari jipya: jeupe, la mraba kama kabati, lenye mlango mpana wa kuteleza na ubao wa kupandishia viti vya magurudumu. Akasema halitoi moshi wala halili mafuta. Akasema kobe wanapendeza, lakini makumbusho yana nafasi yake na barabara ina nafasi yake. Kila alichosema kilikuwa na mantiki, na hilo ndilo lililomkasirisha Wakili. Mtu akikudanganya una la kumjibu. Huyu alikuwa anaizika kazi yake kwa hesabu safi, bila hata kuvua kofia.

Zamu ya Wakili ilikuja baada ya nusu saa. Akasimama, na hasira aliyoifuga tangu siku ya barua ikapata mlango. Akawauliza waliokaa mezani kama wamewahi kubebewa mizigo na kabati. Akawauliza nani aliwapeleka mama zao hospitali kabla ya hao maafisa kuzaliwa. Watu wakacheka, wakapiga meza. Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na sauti yake ilifika mpaka barabarani. Alisema dakika kumi, kisha ishirini. Alisahau saa, alisahau magoti yake, alisahau kila kitu isipokuwa uso wa yule kijana. Mwisho akanyoosha kidole kwenye picha.

"Hilo gari lenu," alisema, "litamfungulia nani mlango?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Yalipotulia, mtu alikuwa amesimama mlangoni, fundi viatu wa pale nje, nyundo mkononi na jasho usoni. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni nani mwenye kobe namba kumi na nne.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimehama. Kobe alikuwa juani mzima mzima, kioo kimoja cha nyuma kimegoma kushuka tangu mwaka juzi, cha pili kimeshuka vidole viwili. Fundi viatu na wapita njia walikuwa wamevuta kishikio mpaka kikapinda, lakini hakuna aliyejua habari ya goti. Wakavunja kioo. Dada yake Wakili alikuwa amelazwa kwenye kibaraza, kitambaa cha kichwa kimelowa, midomo imekauka, macho hayamtafuti mtu.

Hakufa. Hospitali walimtundikia maji, na kesho yake wakamruhusu arudi nyumbani. Siku mbili Wakili alipita chumba kwa chumba akiwakasirikia wote kwa zamu: jiji kwa mkutano wake, kiwanda kwa springi, kliniki kwa foleni, jua. Alimkasirikia hata fundi viatu kwa kile kioo. Siku ya tatu dada yake alimwita, akamwambia aketi.

"Nilikusikia," alisema. "Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi. Ulipofika kwenye habari ya mlango, mimi nilikuwa napiga kioo. Nikapiga, nikapiga. Halafu wakakupigia makofi, basi yakanifunika."

Wakili aliinuka. Akatoka kwenda uani, akasimama mbele ya gari lake. Akashika kishikio kilichopinda, akasukuma kwa goti, akavuta. Mlango ukafunguka kwa upole, kama siku zote. Akaubamiza. Akaufungua tena, akaubamiza tena, mpaka jirani akachungulia. Miaka mingapi alikuwa ameinama kwa ajili ya kitu hiki, na kuinua kidevu baadaye?

Ijumaa asubuhi alipotoa gari, Miwani alikuwa amesimama katikati ya njia na madereva wengine watatu. Alimwuliza anakwenda wapi na dirisha la karatasi ya boksi. Wakili akasema yadi.

"Wewe ndiye uliyetuapisha," Miwani alisema. "Umetuuza, Wakili. Leo tukuite nani, hakimu?"

"Mwite mkeo aketi kiti chako cha nyuma," Wakili alijibu. "Umfungie. Mwache juani nusu saa, halafu uje uniapishe tena."

Miwani hakusogea. Wakili alimzunguka kwa kupandisha tairi mbili juu ya kibaraza. Katika kioo aliwaona wamesimama vilevile, mikono kiunoni.

Yadini foleni ilikuwa fupi. Yule afisa wa viatu vinavyong'aa alikuwepo, na mpiga picha wa jarida la jiji. Alipomtambua Wakili alitabasamu kwa raha ya mshindi asiyetaka kuonekana ameshinda, akaomba picha moja ya kumbukumbu ndani ya kobe wa mwisho wa msemaji mwenyewe. Akajifungulia? Hapana. Alisimama kando ya mlango akingoja, na Wakili akamfungulia. Afisa akaingia, akaufunga mlango mwenyewe, akapigwa picha upande wa kioo kizima.

Kisha akataka kutoka. Alivuta kishikio cha ndani, akavuta tena, akasukuma kwa bega. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Jua lilikuwa linapanda. Wakili alisimama nje na funguo mkononi, akamtazama kijana akiweka kiganja kwenye kioo, na moyo wake ukamwambia amwache, amwache mpaka saa nne, amwache apige kioo huku watu wamempa mgongo. Kiganja kilikuwa kimepauka pale kilipogusa kioo.

Akainua kishikio, akasukuma kwa goti, akavuta.

Afisa alitoka akijifuta shingo, akacheka kidogo, akasema kweli watu wa kobe wana adabu, na jiji litaikosa.

"Si adabu," Wakili alisema. "Ni kitasa kibovu. Siku zote kilikuwa kitasa kibovu."

Akamwekea funguo mkononi na kwenda dirisha la ofisi ya yadi kuchukua namba yake.