Dua ya Mzee Mudathiri kwa Makalasinga

Tangu amzike Bi Somoe, mikono ya Mzee Mudathiri ilikataa kuinuka. Wenzake msikitini Milola wakiomba dua, yake ililala mapajani kama ya mtu mwingine. Kumswalia mkewe, alimswalia. Kumwombea hakuweza.

Siku hiyo wala hakufuata dua. Alikwenda Lindi kumshukuru Balbiri, Kalasinga mwenye kambi ya ujenzi wa barabara, aliyetoa gari lake likamleta marehemu kutoka hospitali mpaka nyumbani. Mwana wa mzee, Ridhiwani, ni dereva pale.

"Tajiri yumo kwenye ibada," Ridhiwani alisema, akionyesha hekalu la Makalasinga. "Tuingie tu, baba. Vua makobazi. Kofia usivue."

"Unanifundisha wewe?"

Bombani akanawa miguu, kama kwao. Akaona mambo ni yale yale. Alipoingia ndani, akakuta mengine.

Kibla hakukiona. Wanawake wamekaa chumba kimoja na wanaume, hata pazia hakuna. Na ngoma! Ngoma na kinanda, humo humo ndani ya ibada.

"Hii harusi?" akanong'ona.

"Ndiyo swala yao, baba."

Mbele kabisa kitabu kikubwa kimelazwa juu ya mito, na mzee mmoja wa kilemba anakipepea. Kitabu! Mudathiri akaganda. Kwao msahafu hubusiwa, huwekwa pa juu. Lakini kupepewa? Yeye alimpepea Bi Somoe homa ilipompanda, mkono ukafa ganzi, asiache. Hupepei kitu. Unapepea mtu usiyetaka aondoke.

Akaketi nyuma ya watu, macho kwenye kile kitabu.

Ngoma zikanyamaza. Watu wakasimama wakaomba, wakaketi tena. Mara akaona walio mbele yake wamekinga viganja, vimeungana, vimetazama juu. Dua! Hiyo aliijua. Akafumba macho, na mikono yake ikapanda yenyewe.

"Ya Rabbi, msamehe Somoe. Mpanulie kaburi lake..."

Kitu cha moto kikatua viganjani.

Akashtuka mwili mzima. Lakini dua haikatwi. Akaimaliza, akasema amina, na kama alivyofanya maisha yake yote, akajipangusa uso kwa viganja viwili.

Halua. Halua ya samli, puani, kwenye nyusi, ndevu zote.

Watu wote wakageuka. Mama mmoja akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

"Baba! Hiyo ya kula!"

"Nani anamtilia mtu chakula kwenye dua?"

Balbiri akaja na taulo, akapiga magoti. "Shikamoo, mzee. Utusamehe. Kwetu mtu akikinga mikono, anapewa."

"Marahaba. Kwetu anaomba."

Ridhiwani akamfuta ndevu taratibu. "Umemwombea mama?"

Mzee akavitazama viganja vyake, vinang'aa samli.

"Nimemwombea," akasema, mwenyewe haamini. "Nimemwombea, Ridhiwani. Humu!"