Pepopunda Iliponikenua Meno Msibani

Wenzangu, mimi ni Mama Neema. Nilizaliwa Bukavu, vita vikanileta Kampala, naishi chini ya kilima cha Kibuli. Leo mnaniona natafuna muhogo. Kuna wakati hata mate yangu mwenyewe yalinishinda kumeza.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa mikono. Mafundi cherehani wa soko la Owino wakikata nguo, vipande huanguka chini ya meza zao. Niliokota vitenge, satini na ncha za utepe, nikashona maua ya nywele na vikoba vya watoto. Binti yangu Neema hakutoka nje bila ua kichwani.

Siku moja natia mkono kwenye mfuko wa mabaki, pini yenye kutu ikaingia chini ya ukucha wa dole gumba, ikakatikia humo. Nikanyonya damu, nikaendelea kushona. Dole likavimba kidogo, likatulia. Nikasahau.

Kisha mama mkwe akafariki. Nilikuwa nashona vifundo vya utepe mweusi vya kuvaa wafiwa, taya likaanza kukaza. Nikadhani ni jino. Asubuhi ya mazishi mdomo haukufunguka, na uso ukajivuta wenyewe, nyusi juu, meno nje. Nikasimama mbele ya jeneza nimekenua.

Esperance, dada wa mume wangu, akaniona.

"Unamchekelea mama yangu?"

Akanizaba kofi mbele ya watu wote. Nilitaka kusema naumwa, nikatoa mlio kama wa ng'ombe. Mume wangu alikuwa palepale. Akageuza uso.

Wakasema nina pepo. Tulipotoka makaburini wakanifungia chumbani na waombaji wenye ngoma. Ngoma ikilia, mgongo wangu unajipinda kinyumenyume, sakafu naigusa kwa kisogo na visigino tu. Niliuma ulimi mpaka damu ikajaa kinywani. Nikajikojolea. Na akili, jamani, ilikuwa nzima! Nilimsikia Esperance akisema, "Pigeni kwa nguvu, anajifanya."

Aliyeniokoa ni jirani yetu Mama Okello, mke wa polisi, mtu wa kaskazini. Alikuja kutoa pole ya msiba, akasikia kelele, akasukuma mlango.

"Wacha hiyo ngoma!" alifoka. "Huyu hana pepo. Hii ndiyo iliua mtoto yangu mchanga. Munamuua!"

Akaita gari la mumewe, wakanipakia.

Hospitalini daktari alimuuliza mume wangu, "Aliumia wapi?"

"Hajaumia popote," akajibu.

Nikajikaza, nikainua dole gumba.

Walilipasua. Ukatoka usaha, kikatoka na kipande cha pini. "Ni pepopunda," daktari alisema. "Mngechelewa kidogo, mngekuja kuchukua maiti."

Wakanitoboa koo nipumulie mpira. Wakaniweka kwenye chumba chenye giza, kwa sababu mwanga na kelele viliniamshia mishtuko. Hata hapo watu hawakuniacha. Ndugu za wagonjwa wengine waligonga sahani mlangoni waone ninavyoruka. "Gonga tena," mmoja alisema, wakacheka. Kila mgongo ulipojipinda, nilisikia mifupa ikilia. Mpaka muuguzi mmoja akaweka kiti chake mlangoni, akakaa hapo.

Mwili ulilegea polepole. Nilijifunza upya kumeza uji, kusimama, kushika sindano. Niliporudi nyumbani, Neema alinikimbia. Shangazi yake alikuwa amemwambia kwamba mama yake alimcheka bibi. Mume wangu aliomba msamaha, akilia. Esperance hajaomba hadi leo. Husema tu, "Mungu amekuponya," kisha anapita.

Jioni moja nilipiga mwayo. Neema akaacha sahani yake, akasogea, akachungulia kinywani mwangu.

"Mama, fungua tena."

Nikafungua. Akakaa mapajani pangu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Okello, aliyeufungua mlango ule. Na ninyi mnaoshona, mnaolima, mnaookota, mkichomwa na chuma msinyonye kidole mkanyamaza. Osheni, nendeni mkadungwe sindano ya pepopunda. Wenye mimba pia, kwa ajili ya watoto wenu. Na ukimwona mtu amekenua meno penye kilio, kabla hujainua mkono kumpiga, mwambie afungue mdomo.